Turubai Nimeondoka Nalo

Baba Aida,

Maharage yamo kwenye sufuria nyeusi, chumvi bado. ~~Ugali jisongee mwenyewe.~~ Ugali Aida atasonga akitoka shule.

Turubai nimeondoka nalo, usilitafute. Jana nilifika sokoni nikakuta kibanda changu hakina paa, nikajua ni wezi. Nikamsema Mama Amoni wa meza ya jirani mbele ya wateja, hadi Wazambia waliovuka mpaka wakaacha kuchagua nyanya. Kumbe ulilibeba wewe ukienda Vwawa! Leo alfajiri natoka nje, nalikuta limeifunika Corolla yako, limefungwa kwa kamba zangu zilezile. Nakuuliza, unanijibu na usingizi wako kwamba jua la siku hizi linakula rangi ya gari.

Sasa naanza siku kwa kumwomba radhi Mama Amoni.

Gari lisogeze nyuma ya jiko, kuna kivuli mpaka mchana. Na mbuzi wafunge, wasije wakalikwaruza.

Jana jioni uliposhuka garini ulipapasa boneti yote uone kama imeungua. Mimi nilikuwa hapo mlangoni, uso umebabuka kwa jua. Ulinipita.

Mama Aida