Ng'ombe wa Kuazima wa Mzee Malale

Scola, ruzuku ya kisima imekufa. Imekufa kabisa.

Wakaguzi wa shirika wamekuja leo kutoka Mpanda mjini. Mzee Malale, mwenyekiti wetu, aliona aibu wageni wakute zizi tupu, akaazima ng'ombe kijiji cha jirani.

Akawatembeza zizini kifua mbele. Yule dada mkaguzi akauliza, "Hawa wote wenu?" Mzee akasema, "Wetu wote." Wetu wote, Scola.

Dada akafunga faili. "Basi uzeni kumi, mchimbe wenyewe."

Mzee akawasindikiza hadi kwenye gari. Bora akose kisima kuliko kukiri mbele ya wageni kwamba hana hata ndama.

Sasa hivi wenyewe wanawachukua ng'ombe wao. Mzee kabaki zizini peke yake, anawaangalia ng'ombe wakinywa kwenye dimbwi, lile lile tunalochota maji ya kupikia.