Sahani za Wageni

Whitehall, Jumanne, Novemba 2015

Huyu bwana mkubwa wa Ireland, wa karne ya kumi na tisa, ninayemwandikia tasnifu, amenikera leo. Alipopoteza kiti cha ubunge marafiki walimkimbia, lakini kila jioni aliandaliwa meza ya watu kumi, akala peke yake. Pembeni mwa ukurasa nikaandika: kiburi.

Halafu nikapika ugali wa watu watatu, kama mama alivyonifunza katika kambi ya wakimbizi, maana hujui nani atabisha hodi. Mama Neema, jirani yangu Mkongo, alipita akiwahi zamu ghalani. Akachungulia sufuria, akacheka, akachanganya na Kifaransa chake kama kawaida.

"Bon, huku ugenini mtu anapiga simu mbele ya kuja."

Simu yenyewe hailii. Nimefunika sahani mbili, nikakaa nazo mpaka zikapoa.

Kisha nimerudi kulifuta lile neno.