Mti Usio na Nyuzi za Kung'aa

Mwanangu, daktari wa meno,

Sisi wazima. Barua yako nimewasomea majirani wote, hata wasiouliza. Krismasi imekaribia na mti nimeshaupamba. Safari hii nimeufunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha, nyuzi za kung'aa sikutundika hata moja, na chokoleti nimezifungia kabatini. Shangazi yako akacheka: "Wifi, huo ni mti au mfungwa?" Nikamjibu, "Cheka tu, lakini ukifungua zawadi yako, utepe unipe mkononi."

Mwaka jana nilikuandikia kwamba paka wako ana mafua. Hayakuwa mafua, mwanangu. Alimeza uzi wa mti wangu, na mimi kwa ujuaji wangu nikauvuta ule uliobaki mdomoni. Daktari wa mifugo alimpasua tumbo, akaniambia ningevuta zaidi uzi ungemkata utumbo, ningemuua. Hata chokoleti, alisema, ni sumu kwa paka. Nilikuficha kwa sababu uliniachia mimi nimtunze, ukisema hakuna ajuaye kulea kama mama.

Sasa anakula vizuri, na mwaka huu hakimpati kitu nikiwa hai. Ukija utaliona kovu. Usimuulize shangazi yako. Niulize mimi, nami nitakueleza yote.

Ni mimi, mama yake daktari.