Ng'ombe Aliyejifunza Kufungua Kaveera

Jumanne, Bwaise. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika ghafla, kisha jua likawaka mchana kutwa kama lina ugomvi na mtu. Mgongo unauma. Mikono nimeiosha kwa sabuni, nikaiosha tena kwa majivu, bado inanuka tumbo la ng'ombe.

Leo nimeikumbuka Kondoa, kwetu, kuliko siku zote.

Kwa mgeni anayepita hapa: mimi ni mbeba maganda. Nachukua maganda ya matoke, ndizi za kupika, sokoni Kalerwe, nayafunga juu ya baiskeli, nayasukuma mlimani hadi Kyebando kwa watu wanaofuga ng'ombe uani. Nilivuka mpaka kuja mji huu nikiwa utingo wa lori la vitunguu. Lori likarudi, mimi nikabaki. Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Kituo changu cha mwisho kila siku ni kwa Hajati Zamu, mjane wa Kinubi mwenye sauti ya sajini. Ana ng'ombe mmoja tu. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayomweka mjini, na kila asubuhi napita tena kunywa kikombe kimoja, maana kikombe hicho ni haki yangu. Nakinywa nimesimama pale zizini, macho nimefumba. Katika mji huu wote sijapata kitu kingine chenye ladha ya kwetu.

Ng'ombe anaitwa Lokidauni.

Alizaliwa wakati ule wa korona, mji umefungwa. Barabara ya Bombo ilikuwa tupu hadi unasikia kunguru wakibishana. Sisi wa sokoni tulilala humo humo, chini ya vyandarua vilivyofungwa kwenye nguzo za vibanda, katikati ya mikungu ya matoke. Tuliogopa, hilo sifichi. Mtu akikohoa, safu nzima inaamka. Lakini jioni wanawake waliwasha majiko, wakapika pamoja, na mimi niliyekuwa nikiitwa "wewe" nikaanza kuitwa kwa jina. Ni aibu kuukumbuka kwa hamu wakati wa ugonjwa, watu walizika ndugu zao. Naukumbuka hata hivyo.

Kabla ya korona maganda hayakufungwa kwenye kitu chochote cha dukani. Nnalongo, mama wa mapacha ambaye humenya matoke kwenye kona ya kwanza ya soko, alichukua majani ya mgomba yaliyokuja na lori yakifunika mikungu, akayatandika chini, akamwaga maganda katikati, akakunja, akafunga kwa byayi, zile kamba kavu za mgomba. Vidole vyake vilikwenda upesi huku mdomo ukimsengenya mtu. Mzigo huo niliutupa horini kama ulivyo. Ng'ombe wa wakati huo, mama yake Lokidauni, alikula maganda, akala jani, akala na kamba. Hakukuwa na cha kufagia.

Kisha hofu ikaingia. Jani hili limeshikwa na nani? Dereva? Mpakizi? Limetoka wilaya gani? Hakuna aliyejua. Kaveera, ule mfuko mwepesi wa plastiki, ilikuwa mpya kutoka dukani, haijashikwa na mtu, kwa hiyo kaveera ndiyo ikawa safi. Wanawake wakaanza kuyajaza maganda ndani ya kaveera, wakapiga fundo kali, wakanirushia kwa mbali.

"Mtanzania, daka!"

Nami nikifika Kyebando nilimrushia Hajati juu ya geti, maana alikuwa hafungui. Tulizungumza hivyo, geti likiwa katikati, yeye akipiga kelele na mimi nikipiga kelele, na majirani wote wakijua habari zetu.

Wakati ule kila kitu kiliingia kwenye plastiki. Chakula cha hoteli, parachichi moja, hata sambusa. Mtaro ulio nyuma ya chumba changu ulianza kupitisha barakoa za bluu zikielea moja moja kama vifaranga wa bata, pamoja na vichupa vya sanitaiza. Mvua zilipokuja, mtaro uliziba na maji yakaingia ndani hadi kwenye godoro. Nilipoukomboa mlango kwa jembe nilidhani nitachota tope. Jembe lilivuta nailoni.

Ugonjwa uliondoka. Kaveera ilibaki.

Sasa nieleze jinsi Lokidauni alivyosoma. Hajati alikuwa haamini hata kaveera. Kila niliyorusha aliiosha kwanza kwa maji ya chumvi, kwa sababu watu walisema chumvi haishindwi na kijidudu. Ndama akaja kuilamba. Ng'ombe na chumvi mnawajua. Akalamba, akashika fundo kwa meno, akakanyaga kwa kwato, akavuta. Kaveera ikapasuka pwaa, maganda yakamwagika, akala. Nilichungulia kwenye ufa wa geti nikacheka hadi machozi.

"Umemwona binti yangu?" Hajati aliniambia. "Huyu kasoma kukushinda wewe!"

Baadaye geti lilipofunguliwa, majirani waliletwa kumtazama ng'ombe anayejifungulia mzigo mwenyewe. Walipiga makofi. Nami nilipiga. Vipande vilivyopasuka hakuna aliyeuliza vinaenda wapi.

Wiki iliyopita Lokidauni aliacha kucheua.

Mtu asiyefuga hatajua uzito wa neno hilo. Ng'ombe mzima akishiba hulala, akarudisha majani mdomoni, akatafuna taratibu kama bibi anayekumbuka mambo. Akiacha kucheua, nyumba haina amani. Maziwa yalipungua hadi nikakinywa kikombe changu nikiona aibu. Ubavu wa kushoto ulivimba, ukiugonga unalia kama ngoma. Jana aliyapa maganda kisogo.

Leo asubuhi nilikuta watu wawili uani. Mmoja ni Dokta Nakato, daktari wa mifugo, msichana mdogo mwenye gambuti kubwa kuliko miguu yake. Wa pili ni Swaibu mchinjaji, amechuchumaa ukutani, kisu amekizungushia gazeti.

Mambo yalikuwa hivi. Dokta alisema tumboni mna kaveera, dawa ya kunywa haitazitoa, lazima apasuliwe. Anaweza kupona, anaweza kufa. Swaibu alisema angali amesimama, achinjwe sasa kwa bismillahi watu wale. Akifia chini ya kisu cha daktari ni nyamafu, hana faida kwa mtu yeyote ila funza.

"Mimi sikimbizi mtu, Hajati," Swaibu alisema. "Mimi nipo tu, kama akiteleza."

"Ondoa macho kwenye shingo ya binti yangu!"

Halafu Hajati akanigeukia mimi. Sikulitarajia hilo. Mimi ni mbeba maganda, si ndugu.

"Wewe unasemaje?"

Kusema kweli, angekuwa wangu, njaa ingenifanya nimwite Swaibu kabla sijamwita daktari. Na kama ningesema apasuliwe halafu afe, mama huyu angekula nini? Nilitazama chini.

"Wewe Mtanzania, na wewe umemeza kaveera leo? Sema!"

"Apasuliwe," nilisema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

Dokta alimnyoa ubavuni, akamdunga sindano za ganzi, akampasua akiwa amesimama. Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa.

"Ssebo, bwana, shika vizuri," aliniambia. "Ukimwachia, mimi na wewe tutalala hospitali moja."

Alivaa glavu ya plastiki inayofika begani, akaingiza mkono wote. Nilikuwa nimeegemeza shavu langu kwenye shavu la Lokidauni. Jicho lake moja lilikuwa kubwa mbele yangu, na ndani yake niliona geti, na Hajati, na mbingu.

Kaveera zilitoka zimesokotana kama kamba ya kuvutia lori. Nyeusi, nyeupe, za bluu, zimekuwa kitu kimoja. Dokta alivuta, akapumzika, akavuta tena. Beseni likajaa, akaomba la pili. Katikati ya uchafu ule ilikuwamo barakoa, mikunjo yake bado imepangwa, kama inamngoja mwenyewe aje aivae.

Ndipo harufu iliponipiga.

Nyumbani, baba alipochinja ng'ombe, sisi watoto tulipewa tumbo twende kuliosha mtoni. Tulilipasua kwa kisu butu, tukapindua, na yaliyotoka yalikuwa majani. Majani tu, kijani kibichi, yamesagwa laini, yakitoa fukuto lenye harufu ya mbuga baada ya mvua ya kwanza. Tulipakana usoni tukicheka. Mama aliyamwaga kwenye shamba la mahindi, na pale yalipomwagwa mahindi yaliota marefu kuliko kwingine. Jioni tulikunywa maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi, tukalala. Sikujua kwamba ule ulikuwa utajiri. Nani angenieleza? Nilidhani tumbo la kila ng'ombe duniani lina majani.

Hajati alikuwa ameketi chini, kwenye tope, na gauni lake zuri.

"Chumvi niliitia mimi," alisema polepole. "Mkono wangu huu."

Dokta hakuinua uso. "Hajati, kila wiki natoa haya. Hao wengine hawakulamba chumvi yako."

Swaibu naye, kwa haki yake, alisimama akaja kushika mkia ili usimpige dokta usoni. Gazeti lenye kisu alilibana kwapani. Hakuna aliyemwomba.

Dokta alipomaliza kushona, Lokidauni alikuwa bado amesimama, miguu inatetemeka. Dokta alisema jioni apewe majani mabichi kidogo, na maziwa yamwagwe kwa siku kadhaa kwa sababu ya sindano. Akicheua, amepona. Asipocheua hadi kesho asubuhi, tujiandae.

"Basi nitarudi Iddi," Swaibu aliaga.

"Njoo na zawadi. Kisu kiache kwenu."

Yale mabeseni mawili niliyamimina kwenye gunia, na glavu ndefu ya dokta nikaiweka juu. Hajati aliuliza yatupwe wapi. Wanunuzi wa chupa hawayachukui. Tukiyachoma, moshi utaingia kwa majirani. Nikiyatupa mtaroni nitayakuta kitandani kwangu mvua ikinyesha. Gunia liko hapa mlangoni ninapoandika. Linanitazama.

Alasiri nilikwenda kwa Nnalongo nikamwambia nataka maganda ya jani, kama zamani. Alicheka hadi wenzake wakageuka.

"Mtanzania amezeeka! Sasa hivi utaniomba nikubebe mgongoni."

Nikamweleza habari za Lokidauni. Kicheko kiliishia njiani. Alivuta majani mawili chini ya mikungu, akayapangusa kwa gauni lake, akamwaga maganda mabichi. Niliviangalia vidole. Mwanzo vilisita, kamba ya byayi ikamkatikia, akatukana kidogo. Mara ya pili vilikumbuka. Vikaenda vyenyewe, na yeye akaanza kunisimulia ubaya wa mwanamke wa kibanda cha tatu, na kwa muda mfupi mji ukawa ule wa zamani na mimi nikawa na magoti mazima.

"Ya kesho je?" nilimuuliza.

"Kale, sawa, lete hiyo baiskeli mapema, kabla majani hayajafagiliwa. Lakini kuongea wakati nafunga siachi."

Nilifika Kyebando jua linazama. Nikauweka ule mzigo mbele ya Lokidauni.

Hakujua ni nini.

Aliunusa. Alitafuta fundo, hakuliona. Alikanyaga kwa kwato kama alivyojifunza, jani likalala tu, halikupasuka. Akanitazama. Tangu azaliwe hakuna aliyempa chakula ndani ya jani. Hajati naye alinitazama, mkono mdomoni. Nilipiga goti nikachana jani pembeni, nikamsogezea kipande.

Alikivuta. Akakitafuna. Kisha ganda moja, kisha jingine, kisha akaufuata mzigo wenyewe, jani kwa jani, hadi kamba ya byayi ikabaki inaning'inia mdomoni kama sharubu. Ikaingia nayo. Nilitazama sakafuni. Hapakuwa na cha kufagia.

Lakini hakucheua. Tulikaa tukimsikiliza hadi adhana ya magharibi, hakucheua.

Hajati alileta mkeka akautandika karibu na zizi. Alisema atalala hapo asikilize, masikio yake hayajazeeka. Nilipochukua baiskeli niondoke, akaniita.

"Kesho njoo na kikombe chako."

"Hajati, si tumeambiwa maziwa yamwagwe?"

"Nimesema njoo na kikombe. Kuna chai ya rangi. Na kama kuna kulia, huwezi kulia mikono mitupu."

Nimekiosha. Nimekifunika kwenye kiti kando ya mlango, jirani na lile gunia. Asubuhi nitapitia kwa Nnalongo kwanza, halafu nitapanda mlima, na nikifika kwenye geti sitabisha. Nitatega sikio kwenye ule ufa.