Titi la Pamba

Jumanne, 4 Machi

Kesho picha. Zamani picha ilikuwa studio, poda na tabasamu! Sasa picha ni hospitali, titi na mashine. Mwaka mzima tangu wamalize kunichoma mionzi. Na kwa vile juzi nimeanza kukohoa, daktari kasema kifua nacho kipigwe.

Wifi, tunayeshona naye dukani, ananitazama siku nzima kama anatazama maiti inashona. Nikamwambia acha uchuro, chomeka pini. Akachomeka — kwenye Bi Pamba. Bi Pamba ndiye titi langu la kushoto. Nilimshona mwenyewe kwa mabaki ya gauni la harusi, nikamjaza pamba, nikamshonea moja kwa moja kwenye fulana. Wifi akikosa pa kuweka pini huzidunga hapo hapo, mteja awepo asiwepo. Leo bwana mmoja alikuja kupimwa suruali, akaona fundi anachomwa pini kifuani na wala hapepesi macho. Alitoka mbio, suruali haijapimwa hata mguu mmoja. Tumecheka mpaka nikakohoa.

Jumatano, 5 Machi

Mjane — ndiye wa kulia, aliyebaki peke yake — amebanwa kwenye mashine mpaka nikaona nyota. Binti wa picha eti usipumue. Nipumue na nini, mwanangu?

Kisha kifua. Vua vyote, vaa gauni la hospitali. Nikavua vyote, fulana nikabaki nayo. Binti mwenyewe kifua kimejaa vile, nimsimamie upande mmoja bapa kama meza? Nikasema fulana ni pamba tupu, haina chuma. Akaniamini!

Ijumaa, 7 Machi

Pini!

Daktari kaweka picha kwenye taa, na mimi huyo, mapafu yamejaa pini kama nimemeza kopo la fundi. Wifi, si uzitoe ukimaliza kazi? Na mimi nimevaa bila kukagua. Daktari anasema miaka yote hajaona kitu kama hicho. Tukacheka watatu, Wifi mpaka akashika ukuta.

Daktari ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akaweka kalamu katikati ya pini, penye kidoa cha mviringo. Hiki si pini, kasema. Mjane ni mzima, hana neno. Ila hiki — huenda ni kitu kwenye nguo. Huenda ni ugonjwa umerudi, umehamia kwenye pafu. Picha irudiwe Jumatatu, bila fulana.

Wifi akadakia: kifungo! Kwamba Bi Pamba alifumuka, yeye akamshona, na kifungo kikadondokea ndani. Anaapa hadi kwa marehemu mama yake.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefua fulana, nimeianika nyuma ya duka. Nikamwambia Wifi ikikauka tumfumue Bi Pamba, tukione hicho kifungo. Yeye eti kwanza tumalize mashati ya sare. Nikatoka kununua zipu. Kurudi, namkuta kwenye cherehani, anafunika kitu kwa shati. Nini? Hakuna kitu, wifi. Lo, mwongo huyu, shati lenyewe kalishika juu chini!

Baadaye nikaenda kwenye kamba. Bi Pamba yupo, kaning'inia. Mimi nilimshona kwa uzi wa krimu. Sasa chini ana mshono wa bluu, ambao asubuhi nikimfua haukuwepo — uzi wetu wa mashati ya sare. Hata kudanganya, jamani, anadanganya kwa uzi uliokuwa tayari kwenye mashine! Nikabonyeza. Kifungo kimo.

Nilitaka kumkasirikia, hasira haikuja. Nikamwacha Bi Pamba kwenye kamba, nikaingia chooni nikalia. Kisha nikatoka nikapiga mashati pasi.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa hapa benchini. Picha tayari. Nimesimama bapa mbele ya binti, na hakuna aliyekufa. Fulana anayo Wifi. Kampakata Bi Pamba, anamminya, anamminya. Mama wa benchi la pili kakodoa macho. Wifi kamuuliza kama naye anataka kumshika.

Binti katoka na picha. Kapita mbele yetu, hakunitazama. Kaingia kwa daktari.

Wifi kaona. Katoa mkasi mkobani — kampasua Bi Pamba mbele za watu! Pamba sakafuni kote. Kainua kifungo juu. Si nilikwambia, wifi? Si nilikwambia? Cheupe, kipya, cha shati la sare. Na machozi yanamtiririka.

Nikamwambia ndiyo wifi, uliniambia. Nikakichukua. Nimekishika mpaka sasa, kimeshapata joto.

Tukatazama ile pamba, tukatazamana, tukaangua kicheko. Mama wa benchi la pili kahama. Nikamwambia Wifi basi shona upesi, sitatoka hospitali hii upande mmoja. Karudisha pamba ndani, vumbi na yote. Anatunga uzi, hauingii. Nikamtungia mimi. Sasa anashona, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu anashona polepole.

Mlango. Daktari mwenyewe. Anasema tuingie wote wawili.

Wifi hata hainui kichwa. Eti daktari asubiri, bado mshono mmoja.