Shimo Tuliloliacha kwa Ajili ya Malachi

Machimbo ya dhahabu ya Bendigo,
Koloni la Victoria.
9 Septemba 1853.

Mpendwa dada yangu Honora,

Pokea salamu za kaka yako kutoka huku mwisho wa dunia. Mama anaendeleaje na kifua chake? Na viazi je, vimepona mwaka huu? Mimi mwili mzima, ila moyo umechacha.

Malachi wetu, mshirika wangu wa shimoni, amefariki. Kuhara damu kulimmaliza kwa siku nne. Mfikishie mama yake habari hii taratibu, umwambie alizikwa na padri. Padri mwenyewe alikuwa mbali, tukamngoja siku mbili, na mila yetu unaijua: maiti ikiwa haijazikwa, jirani hachimbi udongo. Basi nikaweka sululu chini. Miezi saba tulikuwa tumechimba shimo lile, mimi na yeye.

Sheria ya huku haijui msiba. Shimo likilala siku nzima bila mchimbaji, ni la yeyote atakayeliingia. Waingereza walipita, wakalitazama, wakaliacha. Aliyeliingia ni Phelim Considine, wa kijiji cha pili kutoka kwetu, aliyebeba jeneza bega kwa bega nami. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Phelim, we si ulikuwa mazikoni?" nilimwuliza.

"Nilikuwepo, ndugu yangu, na nimelia. Ila nimewahi kurudi. Ningeliacha mimi, angelichukua Mwingereza. Sasa bora nani, mimi au yeye?"

Afisa wa machimbo alitazama saa yake, akampa Phelim shimo. Nilimtukana Phelim mpaka sauti ikanikauka. Siku ya tatu njaa ikanipeleka kwake, nikawa kibarua wake wa kuvuta ndoo. Jumatatu ndoo ikapanda na dhahabu. Ilikuwa futi mbili tu chini ya pale nilipoachia. Niliivuta kwa mikono hii hii, nikamkabidhi.

Honora, najua umemkataa Cornelius mara mbili kwa sababu nilikuahidi nitakuleta huku. Kama bado anakuposa, mkubalie. Ana shamba, na pombe hanywi sana. Usinisubiri tena.

Nisalimie Mama, shangazi Sabina na watoto wake wote. Mungu awafunike kwa mkono wake. Siku ya harusi, kiti cha kaka wa bibi harusi apewe mjomba Eoghan.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye na kukuonea aibu,
Tadhg