Kokwa Tatu Zilizobaki za Mtende wa Baba

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho
Jumapili, 9 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko? Wifi yangu naye hajambo? Na kile kifua cha mtoto kilichokuwa kikimsumbua, kimetulia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Shemeji yako anakwenda kazini na kurudi, mzee anakula kidogo, mimi nashona. Hayo ndiyo mema. Sasa nisikilize, maana yamenifika shingoni.

Hizi kokwa zako za tende zimenitoa roho! Nasema zako kwa sababu wazo ulileta wewe. Mzee alipoanguka akahamia kwangu, nyumba yake ikauzwa, na mwenye nyumba mpya akaukata ule mtende wa uani hata wiki haijaisha, wewe ukanipigia simu kwa raha zako, ukaniambia: Dada, si alikuja na kokwa kumi na mbili mfukoni? Mtende unaota hata ndani ya nyumba. Mwoteshee, apate cha kutazama. Kusema ni rahisi ukiwa mbali.

Nilikubali kwa sababu mzee hasemi. Miezi minane sasa! Ukimuuliza chai, anatikisa kichwa. Anakaa kwenye kiti cha dirishani, humu chumbani ninamoshonea, anatazama ukuta wa jengo la pili. Mtu aliyekuwa akitugombeza mpaka majirani wanajua tulichokosea! Naogopa, mdogo wangu. Naogopa anatuondokea akiwa pale pale kitini.

Basi nikaanza na kokwa tano. Nikaziloweka siku tatu, nikibadilisha maji kila asubuhi, nikazifunga kwa kitambaa chenye unyevu, nikatia kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka juu ya friji penye joto. Wiki ya tatu zikatoa kitu cheupe kama kidole cha mtoto mchanga. Nikapiga vigelegele peke yangu! Nikatia udongo kwenye bakuli, nikazipanda kile cheupe kikitazama juu, jani lipate pa kutokea. Kwa akili zangu hilo ndilo jani. Zikanyauka zote tano. Nikakulaumu wewe, nikaulaumu udongo, nikamlaumu na aliyeniuzia udongo.

Nne zilizofuata shemeji yako akajitolea kunisaidia. Unamjua kwa kujitolea. Anamwagia maji akiamka, anamwagia akirudi, utadhani anazima moto. Zikaota ukungu, chumba kikanuka, mteja akaja kupima gauni la harusi huku ameziba pua. Siku hiyo tulirushiana maneno mpaka chakula kikaungua.

Zikabaki tatu. Jumatatu iliyopita nilizifungua, nazo zimetoa vidole vyao. Nikasimama na bakuli langu mkononi, machozi ya hasira yananitoka, nikasema tu, simwambii mtu, sasa hizi nizifanyeje?

Mzee akajibu kutoka kitini. "Zigeuze. Huo ni mzizi, unashuka. Jani litakuja baadaye. Na bakuli hilo fupi, tafuta kopo refu."

Badala ya kumshukuru Mungu kwamba amefungua kinywa, nikapandisha mori. Nikamuuliza, "Baba, miezi yote hii unaniona naharibu, na umenyamaza?"

"Uliniambia nisiguse kitu humu ndani, na nisikuingilie kazi zako," akasema.

Nilimwambia kweli. Wiki ile aliyohamia alisogeza mkasi na vitambaa vya watu apate pa kukaa, nami nilikuwa mbioni kumaliza kazi, nikamfokea kama mtoto. Mimi nilisahau siku ile ile. Yeye hakusahau. Halafu nakwambia kwenye simu kwamba ni uzee, mara ni huzuni ya mtende. Kumbe aliyemfunga mdomo ni mimi!

Nikamtengea nusu ya meza, nikamletea makopo matatu ya rangi, akazipanda mwenyewe. Siku nne nzima akawa ananituma. Lete maji. Sogea, unanizibia mwanga. Udongo huu umeukandamiza mno, nani kakufundisha? Jamani, sikujua kama kugombezwa kuna utamu.

Basi jana akaweka kopo lenye tope juu ya gauni jeupe la bibi harusi, la kuchukuliwa jioni ile ile. Ulimi wangu huu! Nilifoka kabla sijafikiri. Mzee akaliinua kopo taratibu, akaliweka sakafuni, akarudi kitini. Doa lilitoka kwa sabuni, hata nusu saa haikufika. Lakini yeye hajasema neno tangu hapo.

Leo nimefika mlangoni kwake mara tatu nikageuka. Nimempikia anachopenda, nimempigia shati pasi, nimemuuliza kama makopo niyasogeze juani. Anatikisa kichwa. Lile neno lenyewe halinitoki! Umri wote huu sijawahi kumwomba baba radhi. Mimi nilikuwa mtoto mwema. Mtundu ulikuwa wewe, ukiomba radhi kila Mungu akileta siku, na kila mara alikusamehe.

Basi usinipigie tena kuniuliza kokwa zimefikia wapi. Nipigie uniambie unaanzaje. Unakaa chini au unasimama? Unamtazama usoni? Neno la kwanza ni lipi?

Nisalimie wifi yangu, na watoto wote, yule mwenye kifua umbusu kwa niaba yangu. Shemeji yako anakusalimu, na shangazi aliyepita juzi anasema umemtupa. Mungu akulindie nyumba yako na wote waliomo.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ninapokugombeza,

Dada Sindano